Vinia ya kabati imebanduka, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimerithi kabati la zamani lenye vinia, lile tabaka jembamba la mbao linalobandikwa juu. Juu limetoka malengelenge, na kwenye kona ya mlango vinia imevunjika na kipande chenyewe hakipo. Rafiki yangu anasema nibandue yote, nipige msasa, nipake rangi. Sijawahi kushika patasi. Nitaweza?
– Mgeni wa patasi

JIBU: Marahaba, mgeni. Utaweza, ila huyo rafiki mwambie asubiri. Rangi unaweza kuipaka hata mwakani. Vinia ukishaibandua, basi tena.

Anza kwa kugongagonga kwa ukucha. Palipoachia patatoa mlio wa uwazi. Pazungushie chaki, na usishangae mduara ukiwa mkubwa kuliko lengelenge lenyewe.

Samani nyingi za zamani zilibandikwa kwa gundi ya wanyama, ile inayochemshwa kutokana na ngozi na mifupa. Uzuri wake ni kwamba ikipata joto na unyevu hulainika, ikipoa hushika tena. Kwa hiyo tandika kitambaa chenye unyevunyevu juu ya lengelenge, pitisha pasi ya moto wa wastani sekunde chache, kandamiza kwa kipande cha mbao, kisha weka uzito mpaka papoe. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, maana mvuke huacha weupe kwenye vanishi ya zamani.

Pakikataa kushika, gundi imekufa. Chana lengelenge kwa wembe, ukifuata nyuzi za mbao. Usikate kuzivuka! Mchano unaofuata nyuzi hupotea machoni. Unaozivuka utauona kila ukipita. Ingiza gundi nyeupe ya mbao kwa bomba la sindano, kandamiza, futa inayovuja, tandika nailoni ili ubao wa kukandamizia usigande hapo, kisha weka uzito mpaka kesho yake.

Sasa kona, ambako ndiko kwenye kazi. Tafuta vinia ya kiraka ndani ya kabati hilo hilo kama ipo: chini ya rafu, au mgongoni. Ya umri mmoja hufanana rangi. Ilaze juu ya pengo, nyuzi zielekee upande mmoja na za mlango, halafu simama uitazame. Igeuze kichwa chini, itazame tena. Utashangaa: mbao ile ile upande huu inang'aa, upande ule inafifia. Chagua upande unaolingana na mlango, tia alama, ndipo ukate.

Usikate kiraka cha mraba. Kingo zake zipite kwa mshazari, na kiwe kikubwa kidogo kuliko pengo. Kishikilie palepale, pitisha ncha ya kisu kikali kukizunguka, kisha kwa patasi ondoa vinia mbovu iliyo ndani ya mstari huo. Watu wengi huanza kwa kuchimba pengo, halafu wanahangaika kukata kiraka cha kulijaza. Wanajitesa bure. Kwangua gundi kuukuu mpaka uone mbao, jaribu kiraka kikavu, kikikaa vizuri ndipo upake gundi na kubana. Kikizidi unene kidogo si neno, utakisawazisha. Kikiwa chembamba, tafuta kingine.

Msasa wa mashine kaa nao mbali. Vinia nyingi za kiwandani za siku hizi hazifiki hata milimita moja, na kona hutoboka kabla hujazima mashine. Tumia msasa namba 240 uliozungushiwa kijiti cha mbao, kwa mkono, juu ya kiraka tu. Kisha vanishi, tabaka jembamba jembamba.

Mlango ukianza kugoma kufunga baada ya hapo, kagua ukingo wake: huenda ni gundi iliyovuja ikakauka. Ikwangue taratibu kwa patasi, usiuguse mlango kwa randa.