Wali siuli, mama mkwe kanuna

*Shangazi, nina miaka 34, niko Wete. Miezi mitatu sasa nimeacha wali, mkate, muhogo na sukari. Mwili umepungua, magoti hayaniumi tena. Lakini mama mkwe kanuna, anasema nadharau mkono wake. Wifi anasema ni upuuzi wa mtandaoni. Mashoga shughulini wananong'ona kuwa ninaumwa. Nikiwaeleza madhara ya wanga hawasikii. Nimeanza kujishuku. — Mchovu wa Maneno*

Mwanangu Mchovu, kwetu mwanamke akipungua watu wana majibu mawili tu: anaumwa, au mume hamtunzi. La tatu hawana. Mashoga wakikuuliza, sema "mzima, alhamdulillahi, wali tu nimepunguza," kisha waulize habari za watoto wao. Yatakwisha hapo.

Wifi naye mwambie mtandao haumo. William Banting, mwandaa mazishi wa London, alichapisha kijitabu mwaka 1863 akieleza alivyopungua kwa kuacha mkate, sukari na viazi. Au usimwambie. Maana hapa ndipo ninapokushika: "nikiwaeleza madhara ya wanga." Nani kakuomba umweleze? Mtu ana andazi mkononi, wewe unamhesabia sukari! Huko si kujiamini, ni kutafuta wakukubalie.

Mama mkwe ndiye wa kushughulikiwa. Tangu uolewe anakupakulia wali wa nazi, na sahani ikirudi imejaa, kwake umemrudisha yeye. Basi usingoje mezani ndipo ukatae. Ingia jikoni mapema, mkunie nazi, umwambie: "Mama, leo nipakulie mchuzi wa changu na kisamvu, kibakuli kizima." Kisha ukimalize mbele yake. Tui la nazi, samaki, kisamvu, vyote ni vya mkono wake na havikuvunjii mpango. Akikusogezea majimbi au ndizi mbichi kwa kuwa "si wali," shukuru, umpe mtoto. Nazo ni wanga vilevile.

Halafu, mumeo yuko wapi? Barua nzima hukumtaja. Yule ni mama yake, na neno lake moja litafika mbali kuliko maelezo yako ishirini.

Shaka moja tu naomba uisikilize. Kama unatumia dawa za kisukari, za sindano au vidonge, ukikata wanga sukari inaweza kushuka hadi ukaanguka. Daktari azipange dawa upya. Ukiwa na mimba au unanyonyesha, muulize pia. Na usishangae kasi ikipungua kuliko wiki za mwanzo, kwani sehemu kubwa ya uzito wa mwanzo huwa ni maji.

Kwenye shughuli, sinia la biriani likija, kaa ule na wenzako. Wali wasogezee wao. Ila nyama usiimalize peke yako, hapo utakuwa umewapa sababu ya kweli ya kukusema.