Usianze na biriani

Mara ya kwanza kwenda kwenye maonyesho ya vyakula ya kuchangia hisani nilijikosesha mwenyewe. Yalifanyika uwanja wa shule hapa Dar es Salaam, akina mama wamepika kila mmoja cha kwao, na fedha zote zilikuwa za vitanda vya wodi ya watoto. Nilinunua kuponi 10 za shilingi 1,000. Nilikuwa nimetoka nyumbani bila hata chai, na meza ya kwanza tu pale getini ilikuwa ya biriani ya kuku. Kuponi 6 zikaishia hapo. Kufika meza ya tano nimeshiba hadi kooni, na mbele yangu sufuria la mtori, ndizi na nyama vimepondwa vikalainika, mvuke unapanda. Kwa Wachaga huo ndio uji wa mzazi. Nikaomba maji ya kunywa.

Biriani utaikuta harusini, utaikuta kwa shangazi Idi ikifika. Mtori wa kupikwa na mtu aliyezaliwa Kibosho huupati kila siku.

Siku hizi nakunywa chai kwanza, halafu nikifika nazunguka uwanja mzima mikono mitupu. Nasalimia, nachungulia masufuria, nauliza kimepikwaje. Ndipo narudi, na narudi kwanza kwenye meza isiyo na foleni. Mwaka jana meza hiyo ilikuwa ya bibi mmoja wa Dodoma, mlenda na ugali wa uwele, watu wanapita wanageuza shingo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mlenda unaujua, au unausikia?"

Nikasema naujua. Nikachovya tonge, nikavuta, na ule uzi ukanifuata mpaka kidevuni, ukamalizikia kwenye shati. Bibi akacheka hadi akashika meza. Kumbe unachovya kidogo, unainua, unazungusha mkono mara moja uzi ukatike, ndipo unapeleka mdomoni. Mlenda wake ulikuwa na karanga na chumvi ya kutosha. Nilikula sahani mbili, na nyuma yangu foleni ikaanza, nadhani kwa ajili ya lile shati.

Hizo karanga zinanikumbusha jambo: mwenye mzio aulize kabla ya kijiko. Karanga zinajificha kwenye mlenda, kwenye kisamvu na kwenye mboga nyingi ambazo kwa macho huwezi kuzijua. Na ikipita saa nane mchana, mimi vya nazi siviongezi isipokuwa vipo jikoni vinachemka. Nazi haina subira na jua la Dar. Saladi ya mayonesi ndiyo kabisa.

Kuna hili la "nionjeshe kidogo tu, dada". Wenzangu, tuache. Yule dada mchele kanunua mwenyewe, nyama kanunua mwenyewe, gesi yake, usingizi wake. Wakipita watu 20 wa kuonja bure, sufuria limeshuka na kwenye kopo la kuponi hakuna kitu. Omba nusu sahani kwa kuponi moja, wengi wanakubali. Au nendeni watatu: sahani moja, vijiko vitatu, mtapita meza zote bila kufungua mkanda. Na bei usipunguziwe. Hapo si sokoni Kariakoo.

Urojo nauweka mwisho. Wazanzibari mnisamehe, ni mtamu, ila bakuli moja lina bajia, kachori, viazi na chipsi za muhogo, na ukishalimaliza habari ya kuonja kingine imekwisha. Nikiushindwa ubishi wa roho yangu naomba rojo tupu na kachori moja.

Kuponi 2 za mwisho sizili pale pale. Nabeba kopo lenye mfuniko. Safari hiyo mama mmoja wa Bukoba alinipimia senene kwa kikombe cha kahawa, wamekaangwa na kitunguu, mbawa na miguu vimeshatolewa. Nyumbani mdogo wangu akasema yeye wadudu hali, niwaweke mbali naye. Nikaliacha kopo kwenye meza ya televisheni, nikaenda kufua shati la mlenda. Niliporudi taarifa ya habari ilikuwa haijaisha, na kwenye kopo imebaki chumvi.