Rupia ya kale: ipime kwanza, uitazame baadaye

Rupia yangu ya kwanza ya Mjerumani niliinunua kwenye duka la vitu vya kale, na niliipenda tangu nilipoishika. Ilikuwa na Kaisari Wilhelm wa Pili na kofia yake ya tai, na mwaka 1891 ulisomeka vizuri. Jioni nikaipeleka kwa sonara jirani yangu. Hakuitazama hata sura. Aliiweka kwenye mizani, ikasoma gramu 9.3.

Rupia halali ina gramu 11.66, fedha asilimia 91.7. Shika namba hizo, maana zitakufaa mara mbili: Wajerumani waliifuata rupia ya India, iliyokuwa imeshazoeleka pwani, kwa hiyo zote mbili zina uzito uleule. Sarafu iliyosagika mikononi mwa watu hupungua kidogo, lakini haipotezi gramu mbili.

Kwa hiyo wewe unayeanza, kabla ya kununua sarafu ya pili, nunua mizani ndogo ya kisonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Sumaku nayo chukua, ila usiitegemee mno. Ikinasa, hiyo si fedha. Isiponasa, bado hujajua kitu, kwa sababu shaba na nikeli iliyochanganywa na shaba nazo hazinaswi.

Anayeghushi kwa makini huweza kuupata uzito, na hapo ndipo maji yanapokusaidia. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha namba kwenye sifuri, kisha funga sarafu kwa uzi mwembamba uizamishe bila kugusa chini wala pembeni. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba utakayoiona. Rupia halali itasoma kama 1.13, na jibu la kugawanya litakaribia 10.3. Mchanganyiko wa shaba na nikeli hutoa karibu 8.9. Rudia mara tatu, na upanguse mapovu, kwani povu moja tu hupotosha hesabu. Njia hii naiamini kuliko tindikali, ambayo huacha doa lisilotoka.

Reale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria ambayo wazee wa pwani waliiita reale ya Sham, huwasumbua wengi. Karibu zote zimeandikwa 1780, hata zilizopigwa karne ya 20, kwa kuwa wafanyabiashara waliuamini muundo huo tu. Kwa hiyo usiikatae kwa sababu inang'aa mno. Pima: gramu 28.07, kipenyo karibu milimita 40, na kwenye maji takriban 2.75. Kisha izungushe usome ukingoni: IUSTITIA ET CLEMENTIA, herufi zilizoinuka. Bandia za kumimina mara nyingi huwa na herufi zilizofifia, au mstari mwembamba pale kalibu mbili zilipokutana.

Shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba inataka uangalifu wa namna nyingine. Za 1921 hadi 1946 zina fedha asilimia 25 tu, na kuanzia 1948 hazina kabisa. Zote ni halali, lakini wapo wanaoziuza kwa bei ya fedha safi. Hapo soma mwaka kabla hujafungua pochi, na muuzaji akikataa sarafu yake isipimwe, mshukuru uondoke.