Jibu: Kuweka nafasi za kulala mapema au kuziacha wazi?

Salaam ndugu. Umeuliza kama mlipie mapema usiku wote 14 wa safari yenu ya gari-nyumba (gari lenye sehemu ya kulala ndani) au mwache wazi, kwa kuwa mnaogopa kufika mkute kiwanja cha kuegesha na kulala kimejaa.

Kwanza tazama kalenda. Usiku wa Ijumaa na Jumamosi, sikukuu, na viwanja vilivyo ndani ya hifadhi maarufu hujaa mapema, kwa hiyo hizo zilipie, ukiwa umekwisha kusoma masharti ya kughairi. Usiku wa katikati ya juma mimi huuacha wazi.

Siku isiyopangwa, tunaposimama kula mchana, huchagua viwanja viwili, kimoja cha karibu na kingine kilicho mbele kwa mwendo wa saa moja, kisha hupiga simu kuuliza nafasi na urefu wa gari unaoruhusiwa. Swali la urefu usiliruke. Jioni moja tulipata nafasi tupu, lakini mti ulikuwa umeinamia njia na gari letu la mita 9 halikuweza kukata kona, tukarudi kinyumenyume gizani huku mke wangu akinimulikia kwa tochi. Tangu siku hiyo tunafika kabla jua halijazama.

Vilevile, tangi la maji safi liwe limejaa, la maji machafu liwe tupu na betri iwe na chaji, ili mkilazimika mlale pasipo umeme wala bomba. Kwenye maegesho ya barabarani someni kibao kwanza, kwani mengine yanakataza kulala.

Trela sijawahi kuvuta. Wanaovuta watakueleza zaidi.