Nadharia ya juu ya muziki kidato cha tano: uingie au uache?

Mpwa wangu alinifuata uani jioni moja, yuko likizo anasubiri kwenda kidato cha tano. "Shikamoo mjomba." Marahaba. Kisha kimya, kidole cha mguu kinachora mchangani. Nikajua kuna jambo. Mwalimu wake wa kinanda anataka aingie darasa la nadharia ya juu, Jumanne na Alhamisi jioni, na yeye amepangiwa PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia).

Nikamuuliza, "Wiki hii umeimba wapi?"

Kama anapenda muziki sikumuuliza, maana nani hapendi? Mimi nilipoingia darasa la namna hiyo, hapa hapa Bagamoyo, huku nasoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), nilipenda mpaka nikaacha kwaya ili nipate muda wa nadharia. Ujinga wangu ulianzia hapo. Kanuni nilizishika zote: sauti mbili zisiongozane kwa umbali wa noti tano, ti ipande kwenye do. Daftari lilirudi na vema tupu. Mwisho wa muhula nikaandika wimbo mfupi wa sauti nne, nikaupeleka kwa wanakwaya wenzangu wa zamani. Mstari wa pili besi, waimbaji wa sauti ya nne, ile ya chini, wakafifia mmoja mmoja. Mzee mmoja akavua miwani. "Kijana, hii sauti ya nne umeiimba mwenyewe?"

Sikuwa nimeiimba. Nilikuwa nimewashusha chini kabisa na kuwaacha huko mapigo kumi na mbili, hakuna pa kuvuta pumzi. Kwenye karatasi hapakuwa na kosa hata moja.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mwanafunzi yeyote ni hilo: unayo sehemu ambayo kila wiki utakachojifunza kitatoka mdomoni au mikononi? Kwaya, bendi, kikundi cha taarabu, chochote. Kama huna, itafute hiyo kwanza, nadharia itakungoja.

Watoto wa kwaya mna mtaji ambao hamuujui. Aliyekulia kwenye solfa anaimba do-mi-so popote utakapomwekea do, na anaisikia ti ikidai kupanda kabla hajaambiwa jina la kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja. Hiyo ni nusu ya somo. Kinachowatesa ni kusoma noti kwenye mistari mitano, hasa ufunguo wa besi, ile alama ya noti za chini, na dawa yake ni dakika kumi za kusoma kila siku. Haina ujanja mwingine.

Kuna na hofu ya mitihani, ambayo mara nyingi haina msingi. Kwa wanaofuata ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, kizingiti kiko daraja la 5: ili ufanye mtihani wa kupiga chombo wa daraja la 6 kwenda juu, njia ya kawaida ni uwe umefaulu nadharia ya daraja la 5, alama 50 kati ya 75. Ukishavuka, nadharia ya 6 mpaka 8 haikufungii mlango wa mtihani wa chombo. Unaisoma kwa kutaka. Mpwa wangu ameshavuka, kwa hiyo akiahirisha mwaka hapotezi kitu. Hili mwalimu hakumwambia, na simlaumu sana, naye anaishi kwa ada.

Halafu usidhani nadharia hiyo ndiyo muziki wote. Ni kanuni za Ulaya, nzuri kwa kazi yake. Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefundisha Chuo cha Sanaa cha hapa Bagamoyo (ndiyo TaSUBa ya leo) na kufariki 2003, alipiga ilimba, ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, ambayo noti zake hazikai juu ya noti za piano. Ukitoka darasani ukaanza kumsahihisha mpiga ilimba, dai ada yako urudishiwe.

Nilimpa mpwa jaribio. Aandike mistari minne, sauti nne, na kila sauti aiimbe peke yake kabla hajagusa kinanda. Siku ya tatu akaja na kaunta buku. Sauti ya tatu ilikuwa imefutwa mpaka karatasi imetoboka, na pembeni ameandika kwa penseli: "hapa nakwama kupumua."

Nikamwambia akajiandikishe. Alhamisi tu. Jumanne abaki na Fizikia yake.