Ulezi mwitu uani: piga dawa kabla ya mvua

SWALI: Shikamoo Hajati. Hapa kwetu Bombo, Uganda, tuna nyasi za paspalamu uani, nzuri tu. Lakini kila mvua ya Machi ikianza, kunatokea majani bapa yaliyolala chini, kitako cheupe, hasa pale watoto wanapochezea mpira. Tunafyeka, yanarudi. Kijana wa bustani anataka kupiga glaifoseti, ile dawa ya kuua magugu. Nimruhusu?
Msomaji, Bombo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie aliweke chini bomba lake. Glaifoseti haichagui, itaua gugu pamoja na paspalamu, ikuachie mabaka ya udongo mtupu ambamo mbegu zitaota kwa raha zaidi.

Ulichoeleza ni ulezi mwitu, ndugu wa ulezi tunaoupikia uji. Unaota kwa mbegu, unazaa, unakufa, na shina moja likiachwa humwaga mbegu kwa maelfu. Kwa kuwa umelala, fyekeo linapita juu yake na kazi yake ni kutawanya mbegu tu. Yaliyopo sasa yang'oe kwa mkono, ardhi ikiwa imelowa, kabla hayajatoa shuke lile la vidole vidole.

Kwa msimu ujao, tafuta dawa iitwayo pendimethalini. Hii huzuia mbegu isichipue: hukaa kwenye tabaka la juu la udongo, na mche mchanga unaojaribu kutoka hufia humo. Gugu lililokwisha kuota hailidhuru hata kidogo, kwa hiyo ukichelewa umetupa pesa. Wenzetu wa Marekani huvizia udongo upate joto la nyuzi 13 hivi baada ya baridi. Sisi wa ikweta udongo wetu una joto mwaka mzima, tunavizia mvua. Kwa Bombo, piga mwishoni mwa Februari, na tena mwishoni mwa Agosti. Mwagilia siku hiyohiyo ili dawa izame, maana ikibaki juani inapotea. Usiipige mahali ulipopandikiza paspalamu juzijuzi, kwani hudumaza mizizi michanga. Kabla ya kulipa, soma kibandiko: kiwe kinaruhusu nyasi za uani, na kipimo ufuate cha hapo, si cha muuza duka.

Sasa huo uwanja wa mpira. Udongo ulioshindiliwa na miguu unaichosha paspalamu, ilhali ulezi mwitu unauvumilia. Uchome kwa uma wa bustani ukiwa na unyevunyevu, sentimita 10 kwenda chini, uutikise kidogo. Na goli lihamishwe kila baada ya muda; watoto watanung'unika, watazoea. Paspalamu yenyewe msiinyoe kipara. Ibaki sentimita 5 hadi 7, ifunike ardhi, maana mbegu hizi hupenda mwanga. Samadi mbichi ya ng'ombe pia isitiwe uani, imejaa mbegu.

Jambo moja uhakikishe: chimbua kidogo. Ukikuta vishina vyeupe virefu vinavyotambaa chini kwa chini, hiyo ni lumbugu, na pendimethalini haitaiweza. Lumbugu huchimbuliwa, kipande kwa kipande.

SWALI: Hajati, jirani ananiambia nimwagie magugu maji ya chumvi. Ni kweli yanakufa?
Msomaji, Jinja

JIBU: Yanakufa, na nyasi zako pia, na chumvi inabaki udongoni. Ipeleke jikoni.