Riwaya ya vijana kuhusu ndugu aliyejiua: ianzie wapi, na kifo kionyeshwe?

Umeuliza mambo mawili: riwaya ya binti wa miaka 15 ambaye kaka yake amejiua ianzie wapi, na kama kifo chenyewe kionyeshwe.

Naanza na la pili. Usikionyeshe. Miongoni mwa vijana watakaokifungua kitabu hicho wamo walio katika hali ileile aliyokuwa nayo marehemu. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inakataza kueleza njia, na inakataza kukibebesha kifo sababu moja. Netflix ilirusha tamthilia ya vijana 13 Reasons Why mwaka 2017 ikiwa na tukio la msichana kujiua, na mwaka 2019 ikaliondoa.

Kwetu mtego umo ndani ya kitenzi. Tumezoea kusema "kajinyonga" au "kanywa sumu", na njia inakuwa imeshatajwa kabla sentensi haijaisha. Pitia mswada mzima, vitoe vitenzi hivyo, uweke "kujiua" au "kujitoa uhai". Kifo kipe sentensi moja isiyo na picha. Majirani waache wakatishe maneno: "Yule kijana... basi tu."

Sasa mwanzo. Miswada mingi huanzia msibani, na hapo ndipo hukwama, kwa sababu msiba una wenyewe na binti hana nafasi ya kutenda lolote. Anzia siku turubai limeshushwa na viti vya kukodi vimerudishwa. Kila mtu anamuuliza, "Mama anaendeleaje?" Shangazi anamwambia, "Jikaze, sasa wewe ndiye mkubwa." Yeye mwenyewe hajaulizwa na mtu. Kiini cha kitabu ni hicho.

Kisha mrudishe bwenini, mwenzake wa kitanda cha juu amuulize: "Kwenu mmezaliwa wangapi?" Akisema wawili, amemfuta kaka yake. Akisema "Tumezaliwa watatu, tumebaki wawili", litafuata "Alikufa na nini?" Anajibu: malaria. Uongo huo unatosha kubeba sura tano, maana itabidi aulinde kila siku ya wazazi kutembelea shule. Katika riwaya ya sura 20, swali hilohilo lirudi kwenye sura ya 17 au 18, ajibu tofauti.

Nyakati za vitenzi nazo zifanye kazi. "Kaka hapendi pilipili," anasema jikoni, na kisu cha mama kinasimama katikati ya kitunguu. Usiongeze neno hapo. "Alipenda" ije baadaye sana, tena ije bila yeye kujua.

Hasira isikosekane: amemkasirikia kaka kwa kumwachia mzigo, na anajichukia kwa hasira hiyo. Hatia ibebwe na kitu kidogo, tuseme simu ya saa 4 usiku ambayo hakuipokea. Kosa la kawaida ni kumleta mtu mzima amwambie "si kosa lako" na mambo yakaisha. Hatia haiondoki hivyo. Irudi mara tatu, kila mara kwa namna nyingine.

Barua ya kuaga inayofafanua yote usiiweke, kwa kuwa inamfanya msomaji aamini kulikuwa na sababu moja. Kufeli mtihani kunaweza kuwemo, lakini kusiwe jibu.

Kama hadithi iko Kenya, angalia mwaka. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipokibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai lenye adhabu ya hadi miaka 2 jela. Familia iliyoficha jaribio la kwanza ilikuwa ikiogopa polisi, mbali na aibu.

Mpenzi mpya asiwe dawa ya huzuni. Mpe matroni anayejua kunyamaza na kusikiliza. Ukurasa wa mwisho weka 116, namba ya bure ya msaada kwa watoto Tanzania na Kenya, na uipige mwenyewe kabla kitabu hakijaenda kiwandani.